Safu ya Ushauri: Nilikuwa nikisoma karatasi, sikumsikia mkunga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika masomo ya uandishi wa habari, na ninakuandikia kwa sababu nimebakiwa na siku tano tu za kuamua jambo ambalo naona litaathiri namna nitakavyoianza kazi hii. Mradi wangu wa kuhitimu, ambao una uzito kuliko somo lingine lolote tulilosoma, unahusu watu wanaofanya kazi usiku. Natakiwa kuandika makala ndefu na kuandaa simulizi ya sauti ya dakika 30, na masharti yanadai mahojiano yasiyopungua 12, yote ya ana kwa ana. Hadi leo nimefanya matano, na muda uliobaki ni wiki tisa.

Mada hii niliichagua mwenyewe na bado naipenda. Kinachonishinda ni kuhoji. Darasani nilipata alama nzuri katika kila kazi iliyohusu kuandika, kuhariri na kutafuta nyaraka, lakini nikikaa mbele ya mtu nisiyemjua, kinasa sauti kikiwa katikati yetu, sauti hutetemeka, viganja hutoka jasho, na akili yangu yote huhamia kwenye karatasi ya maswali.

Mtu wa kwanza alikuwa mlinzi wa ghala. Nilimwendea na maswali 27 yaliyoandikwa kwa mpangilio. Alinijibu "ndiyo", "hapana" na "kawaida tu", na mazungumzo yakaisha baada ya dakika tisa. Wa pili, msimamizi wa zamu kiwandani, aliniuliza kabla sijafungua daftari, "Hasa unataka nini kwangu?" nami nikashindwa kumweleza mradi wangu kwa sentensi inayoeleweka. Wa nne, dereva wa lori, alizungumza vizuri sana, ila nilipofika nyumbani niligundua kwamba kinasa sauti kilikuwa kimeishiwa chaji tangu mwanzo, na maneno yake sasa nimebaki nayo kichwani tu.

Wa tatu ndiye anayenikosesha usingizi. Ni mkunga mwenye miaka mingi kazini. Tulikuwa katikati ya mazungumzo alipopunguza sauti akasema, "Baada ya usiku ule sikutaka tena kurudi wodini." Siku mbili baadaye, nikiwa nanakili mahojiano, nilijisikia nikimjibu: "Asante. Swali la kumi na moja: je, vifaa mlivyonavyo vinatosha?" Sikuwa na kumbukumbu yoyote kwamba aliwahi kuitamka sentensi ile. Nilikuwa nimekaa mbele yake na sikumsikia. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nasikia jinsi alivyonyamaza kidogo, kisha akaanza kueleza habari za vifaa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mlango.

Wa tano alikuwa mama anayefagia barabara usiku. Mvua iliilowesha karatasi yangu, wino ukachanganyika, nikalazimika kuzungumza naye bila kusoma chochote. Tulikaa dakika 50. Mwenzangu aliyesikiliza rekodi alisema ninasikika kama mtu mwingine, lakini mimi nahofu ilikuwa bahati tu. Katika mazungumzo hayo mama huyo aliniambia kwamba wafagiaji wakiugua hukatwa malipo ya siku hizo, ingawa mkataba wao unasema vinginevyo, na kwa hiyo ni lazima nimhoji mkurugenzi wa kampuni inayowaajiri. Nimeomba miadi, na katibu wake amejibu kwamba nitume kwanza maswali yote kwa maandishi. Kila nikikifikiria kikao hicho tumbo hunisokota.

Msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema, ameiona hali yangu na ameniruhusu nibadili mradi: badala ya kuhoji watu, nichambue jinsi magazeti yanavyoandika habari za wafanyakazi wa usiku. Jibu analitaka mwisho wa wiki. Mwanafunzi mwenzangu ananiambia kwamba mwandishi wa habari huzaliwa na ujasiri, na asiyezaliwa nao afadhali atafute kazi ya uhariri. Shangazi, nibadili mradi? Na nisipoubadili, ujasiri huo nitaupata wapi katika wiki tisa?

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

*

Marahaba, mwanangu.

Usibadili mradi. Nimelitanguliza jibu hilo kwa sababu siku zako ni chache, na kwa sababu barua yako yenyewe imenishawishi. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, nimewapokea vijana wengi walioingia chumba cha habari wakiwa na ndimi nyepesi, na wachache mno kati yao wangeweza kunionyesha sentensi waliyoshindwa kuisikia katika mahojiano yao wenyewe. Wewe umeinukuu neno kwa neno, ukaeleza na kimya kilichoifuata. Uchambuzi wa magazeti ni kazi ya heshima, na kama ungeuchagua kwa kuupenda ningekutakia kheri. Lakini ungeuchagua ili ujifiche, na hofu unayoikimbia ungeikuta imekaa inakungoja siku ya kwanza ya ajira, mahali ambapo hakuna msimamizi mwema wala mahojiano saba ya kujifunzia.

Mwenzako amechanganya mambo mawili. Kuthubutu kumsogelea mtu ni jambo moja, na kumsikia ni jambo lingine. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwa baba mmoja aliyekuwa amefiwa na mwanawe ajalini. Sikuogopa hata kidogo. Nilimsogezea kinasa sauti nikamuuliza, "Unajisikiaje?" Alinitazama kwa muda, akageuka, akaingia ndani, na sikupata tena nafasi ya kumwomba radhi. Ujasiri anaousifu mwenzako nilikuwa nao tele siku ile, na ndio ulionifikisha mlangoni pa mtu yule bila kumwona. Nimelibeba jambo hilo hadi leo, na ndiyo maana barua yako imenigusa.

Sasa tumtazame mkunga, kwa kuwa naona kila ulichoniuliza kimo katika dakika ile moja. Anayeogopa hujitazama mwenyewe: sauti yangu inasikikaje, swali linalofuata ni lipi, ananionaje mtu huyu. Macho yako yalikuwa yameshatoka kwenye swali la kumi yakilitafuta la kumi na moja, na masikio hayafanyi kazi vizuri mtu akiwa anasoma. Karatasi uliyoiandika ili ikulinde ilikuwa imekuziba. Kwa sababu hiyo sikubali kwamba mahojiano ya tano yalikuwa bahati. Mvua ilikunyang'anya karatasi, ukawa huna mahali pa kulipata swali linalofuata isipokuwa ndani ya jibu la yule mama. Ikakubidi umsikilize hadi mwisho wa sentensi, na ulipomsikiliza hukuwa na nafasi ya kuisikiliza hofu yako. Wewe uliyefanya mahojiano yale ndiye wewe uliyeniandikia. Hakuna mtu mwingine aliyekuja kukusaidia.

Usinielewe vibaya ukadhani nakwambia uende mikono mitupu. Soma kuliko ulivyokuwa ukisoma, kisha uandike kidogo. Mwaka 1977, mtangazaji wa televisheni wa Uingereza David Frost alipomhoji Richard Nixon, rais wa Marekani aliyejiuzulu mwaka 1974, walirekodi zaidi ya saa 28 za mazungumzo, na nyuma ya Frost kulikuwa na watafiti waliokuwa wamezama katika nyaraka kwa miezi mingi. Mmoja wao, James Reston mdogo, alipata nakala za mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson ambazo umma haukuwa ukizijua. Frost alipozitaja, aliyeketi mbele yake alielewa kwamba huyu hawezi kudanganywa kirahisi. Wewe huna watafiti, lakini una ustadi wa kutafuta nyaraka ambao umeutaja kama jambo dogo tu. Kabla ya kila mahojiano, jifunze kazi ya mtu huyo hadi uweze kumweleza rafiki yako kwa dakika tano jinsi zamu yake inavyokwenda. Kisha chukua kadi moja ndogo, andika juu yake mada tano, kila moja kwa neno moja au mawili, na uifunge ndani ya daftari. Utaifungua mwishoni tu, ili uhakikishe kwamba hujasahau kitu.

Kuhusu msimamizi wa zamu aliyekuuliza unataka nini, alikuwa na haki ya kuuliza. Andaa sentensi mbili za kujitambulisha na uzizoee hadi zitoke bila kutafutwa: wewe ni nani, mradi unahusu nini, kwa nini umemchagua yeye na si mtu mwingine, na maneno yake yatatumika wapi. Sema wazi kwamba wewe ni mwanafunzi. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, wala usiombe radhi kwa ajili yake. Wengi watakuvumilia, na wengine watazungumza kwa upole zaidi kwa sababu wanaona kwamba jambo hili ni zito kwako. Studs Terkel, ambaye kwa miongo kadhaa aliwahoji watu wa kazi za kawaida akiwa Chicago, alikuwa akihangaika na kinasa sauti mbele ya wahojiwa wake, na yeye mwenyewe alieleza kwamba watu wakimsaidia kukirekebisha, woga wao ulipungua.

Nilipoisoma habari ya mlinzi wa ghala, nilitamani kuyaona maswali yako 27, lakini nadhani nayajua. Mengi yalianza na "je". Lugha yetu imetupa neno hilo fupi, na mwanafunzi mwenye woga hulishika kama mkongojo: je, unapenda kazi yako, je, unaogopa, je, mshahara unatosha. Ukiuliza hivyo umemwachia mtu majibu mawili tu, na mlinzi aliyechoka atachagua lile fupi. Badili mwanzo wa sentensi. Mwambie, "Nieleze usiku wa jana tangu ulipofika kazini." Muulize, "Ilikuwaje mara ya kwanza uliposikia mtu ndani ya ghala?" Hilo "ilikuwaje" ni swali ninalolipenda kuliko yote katika Kiswahili, kwa kuwa humwomba mtu asimulie bila kumwekea neno mdomoni. Hata "kwa nini", ambalo tunafundishwa kwamba ni swali zuri, lina ukali wake, anayeulizwa "kwa nini hukuripoti?" husikia lawama na kuanza kujitetea, ilhali anayeulizwa "ilikuwaje hadi ukaamua kutoripoti?" huanza kueleza.

Lakini "je" ina madhara madogo ukilinganisha na mkia wa "siyo?" tunaoubandika mwishoni: "Bila shaka unajisikia mpweke usiku, siyo?" Hapo umeshajijibu, na yeye anakuitikia kwa adabu. Maneno ya swali yana nguvu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1974, watafiti wa Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani, kila kundi kwa kitenzi chake. Walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana walikadiria wastani wa maili 34 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana walikadiria karibu maili 41. Katika jaribio la pili waliulizwa, wiki moja baadaye, kama waliona vioo vilivyovunjika, ingawa filamu haikuonyesha kioo chochote kilichovunjika: katika kundi la kitenzi kikali, 16 kati ya 50 walisema waliviona, na katika kundi la kitenzi cha kawaida, saba kati ya 50. Kitenzi kimoja kiliwatilia watu kumbukumbu ya jambo ambalo halikuwapo. Ukimuuliza mfagiaji "kampuni inawanyonya vipi?" badala ya "siku mliyougua, malipo yenu yanakuwaje?" hutajua tena kama unachokinukuu ni chake au ni chako.

Kisha jifunze kunyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote niliyokutajia, na kwa mtu mwenye woga ni gumu maradufu, kwa sababu kimya humfanya ahisi kwamba mahojiano yameharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu lake hupita, kwa wastani, kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Hiyo ndiyo sababu sekunde tatu zinaonekana kama saa nzima. Lakini katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe aliwachunguza walimu wa Marekani akakuta kwamba walingoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliokaa bila kujibu walipungua. Mwandishi wa wasifu Robert Caro, ambaye ametumia miaka mingi kuwahoji watu kuhusu Rais Lyndon Johnson wa Marekani, huandika katika daftari lake herufi mbili za kujikumbusha afunge mdomo, na ukurasa wa mahojiano yake unaweza kujaa herufi hizo. Nawe jiwekee alama yako pembeni mwa ukurasa. Mkunga alipomaliza sentensi yake, hukuhitaji swali la busara. Ulihitaji kuinua macho na kungoja. Kama kimya kingezidi, ungeyarudia maneno yake mawili kwa sauti ya chini, "Usiku ule?" ukanyamaza tena.

Dereva wa lori sitamzungumzia sana. Chaji kinasa sauti usiku, kijaribu mbele ya mhojiwa kwa kurekodi sekunde chache na kuzisikiliza, uwe na simu kama kinasa cha pili, na uandike huku ukirekodi. Lakini jambo moja silegezi: yale unayoyakumbuka usiyatie alama za kunukuu. Mpigie dereva, mweleze kilichotokea, mwombe akurudie yale makuu. Akikubali, una mahojiano. Akikataa, una maelezo ya jumla ambayo utayaandika kwa maneno yako na kwa uangalifu, na huenda ikakulazimu kumtafuta dereva mwingine.

Tuje kwa mkurugenzi. Yapange mahojiano saba yaliyobaki ili yeye awe wa tano au wa sita. Asiwe wa kwanza, kwa sababu bado hujui vya kutosha, wala asiwe wa mwisho, kwa sababu atakayokwambia yatakulazimu urudi kwa watu wengine. Kabla ya kufika kwake unahitaji zaidi ya neno la mama mmoja. Tafuta wafagiaji wengine wawili au watatu wasiojua aliyekwambia nini, omba kuuona mkataba, na omba kuziona hati za malipo za mwezi ambao mmoja wao aliugua. Na hapa nakusihi, mwanangu, umlinde yule mama. Umemhoji ukiwa na furaha ya dakika 50 nzuri, lakini yeye ana kazi inayoweza kupotea kwa sababu ya dakika hizo. Rudi kwake umuulize kama anaelewa kwamba mwajiri wake atasoma na kusikiliza, kama anaridhia jina lake litajwe, na kama sauti yake inaweza kutambulika. Kwa mkurugenzi usiseme "kuna mama mmoja anayefagia barabara fulani". Sema "wafanyakazi wenu", na useme hivyo ukiwa umezungumza na wengi kweli.

Katibu ametaka maswali yote. Mpe mada, usimpe sentensi. Mwandikie kwamba ungependa kuzungumza kuhusu ratiba za usiku, usalama wa wafanyakazi na malipo ya siku za ugonjwa. Hiyo ya tatu usiifiche. Mtu anayetuhumiwa jambo anastahili kulijua mapema ili alete nyaraka na maelezo yake, na ukimshtukiza utapata hasira badala ya jibu. Kinachobaki mikononi mwako ni namna utakavyouliza na utakachokifuatilia baada ya jibu la kwanza.

Siku yenyewe, anza na mambo anayoyajua vizuri na ambayo kweli unayahitaji: idadi ya wafanyakazi, mgawanyo wa zamu, jinsi jina na cheo chake vinavyoandikwa. Maswali hayo hukupa taarifa, na wakati huohuo hukipa kifua chako nafasi ya kutulia. Swali gumu likifika, lifanye fupi, lisiwe na dibaji wala radhi: "Wafanyakazi wenu wameniambia kwamba siku wanayougua hawalipwi. Mkataba unasema wanalipwa. Ilikuwaje?" Kisha ngoja. Akizungumzia mengine, msikilize hadi mwisho, mshukuru, umuulize tena kwa maneno yaleyale. Mwezi Mei 1997, katika televisheni ya Uingereza, Jeremy Paxman alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa ametoka kwenye uwaziri wa mambo ya ndani, swali moja zaidi ya mara 10 mfululizo. Sikushauri ufike mara 10. Nakitaja kisa hicho kwa sababu swali lile lilikuwa la kujibiwa ndiyo au hapana, jambo linaloonyesha kwamba "je" nayo ina mahali pake: unapotaka mtu atamke msimamo wake juu ya jambo mahususi, na si unapotaka akusimulie maisha yake. Ukiuliza mara mbili au tatu kwa utulivu, na bado asijibu, hujashindwa. Utaandika kwamba uliuliza mara tatu na utaeleza alichokisema.

Umeniuliza ujasiri utaupata wapi katika wiki tisa. Sidhani kama utakuja wakati ambapo utakwenda kwenye mahojiano bila tumbo kusokota. Langu bado husokota ninapopiga simu ya kwanza. Kitakachobadilika ni muda. Leo hofu inakaa nawe mahojiano yote. Kwa mtu wa nane itakaa nawe robo saa, na kwa mkurugenzi huenda ikaondoka baada ya swali la tatu, kwa sababu kufikia hapo utakuwa umejua namna ya kuuhamisha uangalifu wako kutoka kwako kwenda kwake. Ili ufike hapo, nakili kila rekodi mwenyewe, usiitumie programu ya kunakili hata kama inaokoa muda. Kwa rangi moja weka alama kila ulipomkatiza mtu, na kwa rangi nyingine kila alipokupa jambo ambalo hukulifuata. Baada ya kila mahojiano linganisha na yaliyotangulia. Rangi hizo zitakueleza maendeleo yako kwa ukweli kuliko mimi, mwenzako au msimamizi wako, na kama mradi unaruhusu sura ya tafakuri, ziweke humo, pamoja na ile dakika ya swali la kumi na moja.

Mwisho wa wiki mwambie msimamizi wako kwamba unaendelea, umshukuru kwa mlango aliokufungulia, na umwombe asikilize nawe rekodi ya mkunga na ya mfagiaji, moja baada ya nyingine.

Lakini kabla ya hilo, mpigie mkunga. Usimtumie ujumbe. Usimwambie kwamba unahitaji nukuu zaidi, na usimwombe simulizi ya usiku ule kwenye simu. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayokaribia haya: "Nilipokuwa nasikiliza mazungumzo yetu nilisikia ukisema kwamba baada ya usiku ule hukutaka kurudi wodini, na mimi nikakuuliza habari za vifaa. Sikukusikia, na naomba unisamehe. Kama ungependa kunieleza, nitakuja wakati utakaotaka wewe, na kinasa sauti utakiwasha na kukizima wewe. Kama hupendi, nashukuru kwa yale uliyonipa." Halafu ngoja ajibu, hata akichelewa.

Shangazi